Kabla ya kumwendea guru wa Advaita: kujiandaa kwanza, kuingia darasani, au kujihoji?

Katika Prashna Upanishadi, mojawapo ya maandiko ya kale ya Kihindu, watu sita wanamwendea mwalimu aitwaye Pippalada wakiwa na kuni mikononi, kama ilivyokuwa desturi ya mwanafunzi anayeomba kupokewa. Hawakuwa wageni wa mambo ya dini, kwani andiko lenyewe linasema walikuwa wamejitoa kwa Brahman, uhalisi wa juu kabisa, na walikuwa wakimtafuta. Pamoja na hayo, Pippalada hakuwapa hata jibu moja siku ile. Aliwaambia wakae mwaka mzima kwa kujinyima, kwa kujizuia na kwa imani, kisha waulize watakacho, naye kama atakuwa anajua atawaambia yote. Kila ninapoirudia sehemu hiyo nashangazwa na mambo mawili: kwamba watu wenye sifa zote hizo bado walisubirishwa, na kwamba walisubiri wakiwa palepale kwa mwalimu, hawakurudishwa makwao.

Anayejiuliza kama ameiva kwa guru, yaani mwalimu wa kiroho, amesimama katikati ya mambo hayo mawili. Advaita, neno la Kisanskriti lenye maana ya kutokuwa na uwili, ni mkondo wa Vedanta, falsafa ya Kihindu inayojengwa juu ya Upanishadi, uliopewa sura yake kamili na Shankara, mwanazuoni wa karne ya 8 ambaye kwa mapokeo alizaliwa Kaladi, katika Kerala ya leo. Fundisho lake kwa ufupi ni kwamba nafsi ya ndani kabisa ya mtu si kitu tofauti na Brahman, uhalisi mmoja ulio msingi wa vyote, na kwamba anayejiona mdogo, mpungufu na wa kufa anajiona hivyo kwa kutojua, kama mtu anayeikanyaga kamba gizani akaruka akidhani ni nyoka. Kwa kuwa ugonjwa ni kutojua, dawa ni kujua. Na kwa kuwa anayetafutwa ndiye yuleyule anayetafuta, mapokeo yanasema jicho haliwezi kujiona lenyewe, hivyo anahitajika mtu wa kushika kioo.

Mtafutaji wa leo kwa kawaida hukwama kati ya njia tatu. Ya kwanza ni kujiandaa bila guru wa Vedanta, yaani kuishi maisha ya wajibu, ibada na nidhamu mpaka moyo utulie. Ya pili ni kuingia darasani kwa mwalimu wa mapokeo anayefundisha maandiko kwa mpangilio, hata kama mtu anahisi bado hajakamilika. Ya tatu ni kujihoji, njia inayohusishwa zaidi na Ramana Maharshi, mwalimu wa Tiruvannamalai kusini mwa India, ambayo haina sherehe ya kupokewa wala mtaala, ila swali moja: mimi ni nani? Ipo pia diksha, yaani kupokea mantra (maneno matakatifu ya kurudiarudia) kutoka kwa guru na kujifunga kwake, lakini hiyo naiweka kando, kwa kuwa inapatikana katika mikondo mingi isiyo ya Advaita, na anayeuliza kama ameiva mara nyingi hajafika kwenye mlango huo.

Nitazipima zote tatu kwa mambo yaleyale: hali ya moyo inayotakiwa kabla ya kuanza, kazi ya mwalimu, muda na gharama, hatari, na mtu anayefaa. Sitayapa nafasi sawa, kwa sababu jambo la kwanza ndilo lililoleta swali lenyewe.

Hali ya moyo kabla ya kuanza

Brahma Sutra, mojawapo ya maandiko ya msingi ya Vedanta, inaanza kwa neno "atha", lenye maana ya "sasa, baada ya hayo", na Shankara katika ufafanuzi wake anauliza: baada ya nini? Hakubali kwamba ni lazima mtu awe amekwisha kuchunguza taratibu za ibada na kafara. Jibu lake ni mambo manne ambayo hadi leo hutajwa katika somo la kwanza la karibu kila darasa la Vedanta.

La kwanza ni viveka, upambanuzi wa kinachodumu na kinachopita. Mtu aliyepandishwa cheo na kugundua kwamba furaha yake haikufika mwisho wa mwezi ameonja mwanzo wake, mradi tu asikimbilie kuhitimisha kwamba alikosea cheo na kwamba kinachofuata ndicho. La pili ni vairagya, kupoa kwa hamu ya matunda ya dunia hii na hata ya pepo. Hapa wengi hujidanganya, nami niliwahi kuwa miongoni mwao. Aliyeachwa na mchumba au aliyefilisika, akaona dunia haina maana, hajafikia vairagya. Amechoka, na uchovu hupona. Wahindu wana jina la hali hiyo, vairagya ya uwanja wa kuchomea maiti, ile inayomshika mtu msibani na kumwachia kabla hajafika nyumbani. Sisi tunaotoka makaburini tukiulizana bei ya saruji tunaifahamu vizuri.

La tatu ni kundi la sifa sita: kutuliza moyo, kuzitawala hisi, kujiondoa katika shughuli zisizo wajibu wako, kustahimili joto na baridi na maneno ya watu bila kulalamika, kusadiki, na kuiweka akili mahali pamoja. Kusadiki huko, kunakoitwa shraddha, kunaeleweka vibaya mara nyingi. Walimu wa mapokeo hulieleza kuwa ni kuyapa maandiko na maneno ya mwalimu nafasi ya kuwa kweli mpaka uyahakikishe mwenyewe, jinsi mgonjwa anavyomeza dozi nzima kabla ya kusema dawa haifanyi kazi. La nne ni mumukshutva, shauku ya kufunguliwa, nayo hupimwa kwa swali gumu: ukipewa leo kile kingine unachokitaka, iwe ni ndoa, nyumba au kazi, je, shauku hiyo itabaki?

Tukiziweka njia tatu mbele ya kipimo hiki, kujiandaa hakudai hata sifa moja kati ya hizo. Kunadai unyofu tu wa kukubali kwamba sifa hizo hazipo au zipo kidogo, kwa kuwa lengo lake ndilo kuzikuza.

Darasa la maandiko lina sura mbili. Kwenye vitabu masharti yake ni makali. Katika Upadesha Sahasri, kazi ya Shankara mwenyewe, mwanafunzi anayestahili kufundishwa ni brahmana, mtu wa tabaka la makuhani, aliyekwisha kuacha tamaa ya watoto, mali na ulimwengu, akaingia maisha ya sanyasi, yaani ya mtawa aliyeacha yote, akamwendea mwalimu kwa utaratibu uliowekwa, na akachunguzwa tabaka lake, kazi yake, mwenendo, elimu na ukoo. Ni haki msomaji aambiwe jambo hili wazi, kwa kuwa ukurasa huo umewafungia nje watu wengi kwa karne nyingi, wakiwamo wanawake na watu wa Shudra, tabaka la chini kati ya manne, ingawa Upanishadi zenyewe zinamwonyesha mwanamke Gargi akimhoji mwenye hekima Yajnavalkya mbele ya baraza, na Maitreyi akifundishwa na mumewe huyohuyo. Katika karne ya 20 mlango ulifunguliwa. Swami Chinmayananda alianza kufundisha Upanishadi hadharani, kwa Kiingereza, mjini Pune mwishoni mwa mwaka 1951, na tangu hapo walimu wengi wa mapokeo huwapokea wanaume na wanawake wa asili yoyote. Kwa vitendo, darasa la leo linadai mambo matatu: uweze kuketi na kusikiliza kwa saa nzima, uweze kurudi wiki inayofuata hata kama somo halikukusisimua, na uweze kusahihishwa bila kununa.

Hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Mwaka fulani niliweka daftari dogo juu ya friji, nikawa naandika saa niliyokasirika na saa hasira iliponiachia. Siku ya tatu niliandika: saa mbili asubuhi, konda kanipunja chenji ya shilingi mia mbili. Mstari uliofuata unasema: saa kumi jioni, bado. Kutwa nzima nilikuwa nimembeba konda yule kichwani, nikimjibu kwa hoja nzuri zaidi kila saa. Sikuhitaji guru wa kuniambia kwamba shama, ule utulivu wa moyo, ulikuwa mbali nami, daftari lilitosha. Baada ya miezi kadhaa hasira hazikupungua idadi, lakini umbali kati ya saa ya kwanza na ya pili ulifupika, na nadhani huo ndio uivaji unaoweza kupimwa nyumbani. Sifa sita ni nyingi na hujificha, ila muda unaotumia kuachia jambo unaweza kuuandika kwa kalamu.

Kujihoji, kwa upande wake, hakuna sharti la kuingilia. Ramana hakuuliza tabaka wala dini, na hakutoa diksha rasmi. Lakini kukosekana kwa mlango kusichukuliwe kuwa ni wepesi. Njia hii inamtaka mtu aifuate fikra ya "mimi" hadi inakochipukia, na kila fikra nyingine inapojitokeza ajiulize imemjia nani. Mwenye akili isiyotulia atajibu swali hilo kwa maneno, kisha kwa fikra, kisha atalala. Ramana mwenyewe alilijua hilo. Kwa wasioweza kujihoji alielekeza kujisalimisha kwa Mungu, akisema njia hizo mbili huishia pamoja.

Kazi ya mwalimu

Mundaka Upanishadi inampa mtafutaji maagizo mafupi: akishazichunguza dunia zinazopatikana kwa matendo na kuona kwamba kisichotengenezwa hakipatikani kwa kutenda, amwendee guru, kuni mkononi, aliye mjuzi wa maandiko na aliyesimama imara katika Brahman. Sifa zote mbili zinatajwa pamoja. Mwenye elimu bila uthabiti atakupa mhadhara. Mwenye uthabiti bila elimu huenda ameona, lakini hana lugha ya kukuonyesha.

Darasa limejengwa juu ya agizo hilo. Kazi yake ina hatua tatu: shravana, kusikiliza maandiko yakifunuliwa mstari kwa mstari, manana, kuhoji mpaka shaka ziishe, na nididhyasana, kukaa na kilichoeleweka mpaka mazoea ya zamani yalegee. Aghalabu huanzwa kwa Tattvabodha, kitabu kidogo cha istilahi, kisha Bhagavad Gita, kisha Upanishadi pamoja na ufafanuzi wa Shankara. Mifano inayojulikana ni Sandeepany Sadhanalaya ya Powai, Mumbai, iliyofunguliwa mwaka 1963 chini ya Chinmaya Mission, na shule za Arsha Vidya zilizoanzishwa na Swami Dayananda Saraswati (1930–2015), zikiwamo ya Saylorsburg huko Pennsylvania na ya Anaikatti karibu na Coimbatore. Mwalimu hapa hafanyi muujiza. Anasoma, anaeleza, na anakukatiza. Nakumbuka nilivyouliza swali lililochukua dakika nne, na mwalimu, kwa upole tu, akanitaka nilirudie kwa sentensi moja. Sikuweza. Halikuwa swali, nilikuwa naonyesha vitabu nilivyosoma.

Katika kujihoji mwalimu anafanya kazi nyingine. Ramana, aliyezaliwa Tiruchuli mwaka 1879, alipata tukio lake la kuikabili mauti akiwa Madurai na umri wa miaka 16, na tarehe 1 Septemba 1896 akafika Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, asiondoke tena hadi kifo chake tarehe 14 Aprili 1950. Hakuwa na guru wa kibinadamu, na alipoulizwa alisema guru wake ni mlima huo. Wengi huchukua habari hiyo kuwa ruhusa ya kuishi bila mwalimu. Lakini Ramana hakufundisha kwamba guru hahitajiki. Alisema guru wa kweli ni Nafsi iliyo ndani, na guru wa nje kazi yake ni kuisukuma akili igeuke kuelekea huko. Wengi waliokwenda kwake walifundishwa kwa kukaa naye kimya. Leo anayeifuata njia hii huketi na maneno yake yaliyorekodiwa, au na mwalimu aliye hai wa mkondo huo, na hao wa mwisho wanatofautiana sana kwa ubora.

Anayejiandaa huenda akawa na walimu kadhaa wasioitwa walimu: mzazi, kuhani wa hekaluni, mwajiri mgumu. Chandogya Upanishadi ina kisa kinachofaa hapa. Satyakama, kijana asiyejua ukoo wa baba yake, anapokewa na Gautama, anapewa ng'ombe 400 waliokonda, naye anaapa kutorudi mpaka wafike 1,000. Huko malishoni anafundishwa na fahali, moto, na ndege wawili. Anaporudi, mwalimu wake anaona uso wake unang'aa na kuuliza nani amemfundisha. Satyakama anajibu kwamba si wanadamu, kisha anaomba afundishwe na mwalimu mwenyewe, kwa kuwa amesikia elimu itokayo kwa mwalimu ndiyo inayofika vizuri. Kwa hiyo hata aliyefundishwa na moto na ndege alirudi kwa mwalimu.

Niongeze tahadhari kwa wasomaji wa Afrika Mashariki wanaodhani hekalu lolote la Kihindu litawajibu swali hili. Jumuiya kubwa za Kihindu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zina mahekalu ya Swaminarayan na kumbi za Arya Samaj, na hakuna kati ya hizo mbili inayoshikilia Advaita: ya kwanza inadumisha tofauti kati ya Mungu na nafsi, ya pili inafundisha kwamba Mungu, nafsi na maada ni vitu vitatu vya milele. Ni sehemu nzuri za kujifunza ibada na nidhamu, yaani za njia ya kwanza. Na mwanzilishi wa Arya Samaj mwaka 1875, Dayananda Saraswati, si yule wa Arsha Vidya. Majina yao yamewachanganya wengi.

Muda na gharama

Kujiandaa hakuna ada na hakuna mwisho uliopangwa. Kunafanyika katika maisha uliyonayo tayari: kazi inayofanywa vizuri bila kuushikilia moyo kwenye matokeo, kama Gita inavyofundisha, ibada ya kila siku, chakula cha kiasi, mantra au sala.

Darasa la kukaa shuleni huweza kuchukua miaka mitatu, na si kila mwenye familia anaweza kuiaga kwa muda huo. Walio wengi sasa husoma kwa wiki moja moja ya kambi, au kwa intaneti. India imeitangulia Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo somo linaloanza Rishikesh saa mbili usiku linamkuta mtu wa Arusha saa kumi na moja na nusu jioni, akiwa kwenye foleni ya magari au akiwaogesha watoto. Nalisema hili kwa sababu uivaji unahusu ratiba pia. Anayeshindwa kuitenga saa hiyo mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu amepata taarifa ya kweli juu ya shauku yake.

Kujihoji hakugharimu kitu. Atakaye kwenda Tiruvannamalai atakuta ashramu ya Ramana haitozi ada ya malazi, inapokea michango ya hiari, na siku za kukaa huwa chache kwa sababu ya wingi wa wageni. Chakula huliwa sakafuni juu ya sahani za majani, tausi wanapiga kelele juu ya paa, na jioni wengine huuzunguka mlima kwa miguu, mwendo wa kilomita 14 hivi. Gharama halisi ya njia hii ni kwamba hakuna wa kukuambia kama umesonga mbele.

Hatari

Kila njia ina mahali pa kujificha. Anayejiandaa anaweza kujiandaa maisha yote kwa safari ambayo nauli yake anayo mfukoni, akiita woga wake unyenyekevu. Anayesoma darasani anaweza kuwa kama Shvetaketu, aliyekwenda kusoma akiwa na miaka 12 na kurudi akiwa na 24, amezijua Veda zote na amejaa majivuno, hadi baba yake Uddalaka alipomuuliza kama aliomba kufundishwa lile ambalo kwalo kisichosikiwa husikiwa. Hakuwa amelisikia. Anayejihoji bila msaada anaweza kulikamata hitimisho kabla ya hoja, akawa anasema "mimi ni Brahman" huku mkewe akidai pesa ya matumizi. Nimewahi kumsikia mtu akieleza kwamba aliyekopa ni mwili. Mdai wake hakuwa msomaji wa Vedanta.

Hatari ya mwalimu mbaya ipo kwenye njia ya pili na ya tatu, na inamhusu hasa aliyeiva nusu. Shvetashvatara Upanishadi inasema mambo haya humng'aria mtu mwenye upendo mkuu kwa Mungu, na kwa guru kama kwa Mungu. Aya hiyo ikishikwa na mwalimu asiye mwaminifu inakuwa kamba ya kumfungia mwanafunzi. Ndiyo maana kupima kunakwenda pande zote mbili. Inasimuliwa kwamba Narendra, kijana wa Kolkata aliyekuja kuitwa Vivekananda na aliyekutana na Ramakrishna, guru wake, mwaka 1881, aliwahi kuficha sarafu chini ya godoro la mwalimu wake ili aone kama kweli mzee hawezi kuvumilia kugusa pesa, na Ramakrishna hakuchukizwa. Alitaka apimwe kama wabadili fedha wanavyopima sarafu. Mwalimu anayekasirika ukiuliza pesa za mchango zinakwenda wapi, anayekutenga na jamaa zako, au anayetaka siri kuhusu mwili wako, amekwisha kujibu swali lako.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya zamani havikulisema kwa lugha yetu. Anayepitia huzuni nzito, asiyelala, anayesikia sauti au anayefikiria kujiua, asianze na swali la mimi ni nani. Aanze na daktari. Vedanta inasubiri, wala haichukui nafasi ya matibabu.

Kwa hali yako

Ukiwa umetoka kupoteza mtu, kazi au ndoa, na wazo la guru limekujia ndani ya miezi hiyo, njia ya kwanza inakufaa kwa sasa, kwa mwaka mmoja hivi, kama watu wa Pippalada. Arjuna, shujaa wa Gita, alifundishwa katikati ya kuvunjika moyo, ni kweli, lakini Krishna alikuwa rafiki yake wa siku nyingi na wewe bado hujamjua huyo unayetaka kumwandikia barua pepe. Mwaka ukiisha na swali likiwa limebaki wakati huzuni imeondoka, basi ni swali lako.

Ukiwa na maisha yaliyotulia kiasi, kazi na watoto, na unajikuta unarudia vitabu vilevile bila kujua unachokosa, darasa linakufaa hata kama orodha ya sifa nne inakuaibisha. Mimi naamini wengi husubiri kupita kiasi hapa. Sifa hizo hukua haraka zaidi mbele ya mtu anayekusahihisha kuliko mbele ya kioo chako mwenyewe. Jaribu miezi mitatu bila ahadi yoyote zaidi. Ikiwa una dini yako nyingine, mweleze mwalimu tangu mwanzo. Kusikiliza ufafanuzi wa Gita ni jambo moja, kuingia katika ibada na diksha ni jingine, na mwalimu mwaminifu atakuambia mstari uko wapi kwake.

Ukiwa mtu unayeweza kuketi kimya nusu saa bila kutafuta simu, usiyevutiwa na istilahi, na uliyekwisha kujifunza kutodanganywa na mawazo yako mazuri, kujihoji kunakufaa, pengine pamoja na ziara ya Tiruvannamalai. Lakini mtafute angalau mtu mmoja mwenye uzoefu wa kumweleza unachokiona, mara moja kwa mwezi, na umpe ruhusa ya kukucheka.

Ukiwa tayari uko kwa mwalimu na huna hakika kama mmoja wenu hajaiva, kumbuka kisa cha Indra, mfalme wa miungu, na Virochana, mfalme wa mapepo, katika Chandogya. Wote wawili walikaa kwa Prajapati, bwana wa viumbe, miaka 32, wakapewa jibu la kwanza kwamba nafsi ni ile wanayoiona katika maji ya bakuli. Virochana aliridhika akaenda kuwafundisha wenzake kuupamba mwili. Indra alifika nusu ya njia, akaona kwamba mwili ukipofuka nafsi hiyo nayo itapofuka, akageuza, akarudi na kuni mkononi kuomba kukaa tena. Alifanya hivyo mara tatu, jumla miaka 101, na Prajapati hakumuuliza hata mara moja kwa nini hakuelewa mapema. Alimuuliza tu kilichomrudisha.